Nyimbo za mwali zimevuja WhatsApp. Kwenu mnazuiaje?

BintiKisarawe:
Habari zenu wote. Naomba ushauri, hasa kwa watu wa Pwani.

Bibi yangu ni kungwi, Mzaramo wa Kisarawe. Mwezi uliopita tulimcheza unyago mtoto wa dada yangu, ana miaka 15. Usiku wa mwisho, chumbani wanawake watupu, bibi anamfunda kwa nyimbo, mtu akawasha simu chini ya khanga. Siku ya tatu video iko kwenye grupu la mtaa wetu huku Dar. Siku ya tano wavulana wa shuleni kwake wanamwimbia getini. Ni dakika mbili tu, lakini kuna pale anapogeukia taa ya chemli na uso wake unaonekana wote.

Bibi hakumgombeza mtu. Aliomba aione, akaitazama hadi mwisho, akanirudishia simu. "Mimi nimeimba mlango umefungwa. Nani kaufungua?" Tangu hapo ameletewa wali wawili, wote kawarudisha.

Siichukii intaneti. Yule mwana hiti, mtoto wa mti ambaye mwali hupewa amlee akiwa ndani, wa kwetu alipotea kabla sijazaliwa. Mara ya kwanza kumwona ni kwenye tovuti ya makumbusho ya Ulaya: picha, urefu kwa sentimita, jina la mchongaji halipo. Nikamwonyesha bibi. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka kwenye vile vishungi viwili vya nywele, akaanza kuimba wimbo ambao sijawahi kuusikia.

Ila wimbo wa ndani ni fumbo, na kungwi yuko pale kulifumbua. Ukiutoa kwenye video bila kungwi, anayesikiliza anabaki na matusi tu. Hicho ndicho kinachoniuma.

Simu mnazizuiaje bila ugomvi? Na nyimbo za bibi, amevuka 80, nizirekodi au niache aondoke nazo?

MamaZuu_Mkuranga:
Pole mwanangu. Sisi tunaweka kapu mlangoni. Simu zote zinaingia humo, hata ya mama mwenye mwali, na kapu analishika mtu mzima asiyeingia kucheza. Mara ya kwanza walinuna, sasa wamezoea.

Lakini angalia na michango. Siku hizi aliyetoa mchango anaona ana haki ya kuingia hadi chumbani. Waliochanga wakaribishwe kwenye pilau na ngoma ya nje. Ndani wabaki waliochezwa, na ambao bibi anawajua kwa majina.

Mpwani_Muscat:
Mimi niko Muscat mwaka wa 12. Binti zangu wamezaliwa huku, na bila sauti ninazotumiwa na wakubwa zangu kutoka Unguja wasingejua hata mdundo. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, Mungu amrehemu, aliyefariki 2013, alikuwa somo wa unyago, yaani kungwi, na akaitoa ngoma ya msondo jukwaani, dunia ikaiona. Tofauti ni kwamba aliyeamua kipi kitoke alikuwa mwenye ngoma mwenyewe. Rekodi dada, ila muulize bibi wimbo kwa wimbo.

Wakili_Mtaani:
Dada, tuanze na mtoto kabla ya nyimbo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za mtoto kuwa nyeti. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba ya aliyetuma na saa, nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Video yenyewe usimtumie mtu, hata kwa kuomba msaada. Na mwalimu mkuu aambiwe leo.

BintiKisarawe:
Asanteni sana. Shikamoo Mama Zuu, hilo la michango ndilo lilitupata, aliyerekodi aliingia kwa mlango huo huo.

Msimamizi wa grupu ameifuta, ingawa najua imebaki kwenye simu za watu. Jana nilikwenda shuleni na dada. Mwalimu mkuu amewaita wale wavulana na wazazi wao, na mtoto ameanza tena kwenda na wenzake.

Bibi nimemuuliza wimbo kwa wimbo. Zile za kumtoa mwali mchana, ambazo hata wanaume huzisikia, kakubali nirekodi sauti. Za ndani kakataa. Amesema nije nizishike kwa kichwa, tunaanza Ijumaa baada ya isha. Nimeshaomba ruhusa kazini.