Naomba ushauri: namna ya kumhakiki mkurugenzi mpya wa huduma za majumbani

Ndugu zangu, mimi ni mmoja wa wakurugenzi wawili wa kampuni ndogo ya Uingereza inayowahudumia wazee majumbani mwao, na tunakusudia kumwongeza wa tatu. Kanuni ya 5 ya kanuni za mwaka 2014 za huduma za afya na matunzo, inayosimamiwa na Care Quality Commission (mamlaka inayokagua huduma hizo), inatutaka sisi wenyewe tujiridhishe kwamba ana tabia njema, ujuzi na afya ya kuimudu kazi, na kwamba hakuwahi kushiriki wala kufumbia macho uendeshaji mbovu uliokithiri. Taarifa zake za jinai ni safi, wala hajafilisika. Kinachonikwaza ni pengo la miezi 14 katika wasifu wake, pamoja na barua ya mwajiri wake wa mwisho yenye mistari miwili tu: tarehe ya kuanza na ya kuondoka. Nilipomwuliza, alicheka akasema alikuwa amepumzika. Huenda ni kweli, ila mwenzangu, ambaye ndiye aliyemleta, anaona ninamchimba mtu bure.

Waliowahi kupitia jambo hili, mlimwuliza nini mwajiri wa zamani hadi akafunguka, na maelezo ya pengo kama hilo mliyawekaje kwenye jalada ili mkaguzi akija ayaridhie?