Safari ya Kolo, Jumamosi (kikundi cha ukoo)

Dada Zai: Asalaam aleykum ukoo. Narudi tena na ile safari ya Kolo, ya kwenda kuona michoro ya kale kwenye miamba. Jumamosi tunatoka Kondoa mjini saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali, kama nusu saa tushafika maana ni lami. Tunapita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo tukate kibali na kuchukua muongozaji, bila muongozaji hatupandi. Nani yumo??

Hamu: mi nimo na watoto wawili

Baba Mdogo: Waaleykum salaam mwanangu. Nimo. Ila gari ndogo ziacheni, kutoka Kolo kwenda Mungomi kwenye michoro yenyewe kuna korongo la mchanga, mwaka juzi tulinasa pale tukasukuma mpaka adhuhuri inaingia

Wifi Rehema: Shikamooni wakubwa. Mi mgeni huku jamani, kwani kule tunaenda kuangalia nini? Michoro?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu

Dada Zai: Wifi ngoja nikueleze maana hapo mi nikianza simalizi 😍 ile milima yote ya Irangi ina mapango na miamba iliyoinama kama kibaraza cha nyumba, chini yake watu wa kale wamechora, wanakadiria sehemu kama 150 mpaka 450 na 2006 UNESCO wakaiweka urithi wa dunia. Mungomi unapanda kilima kwanza, pumzi inakata, halafu unainua macho unaona watu wekundu warefuu wembamba kama bua la mtama, vichwani mashungi makubwa, sijui nywele sijui kofia, na mistari yake myembamba mno mpaka unajiuliza alishika brashi gani. Wapo tembo, twiga, pofu. Twiga sasa hivi mpaka uende Tarangire huko, lakini aliyemchora alimwona, shingo na miguu imekaa sawasawa kabisa. Ile ni rangi ya udongo mwekundu na wataalamu wanasema imekaa maelfu ya miaka

Wifi Rehema: Mashallah. Na ile myeupe? Niliona picha moja ina nyeupe pia

Dada Zai: nyeupe ya juzi juzi ukilinganisha, ya wakulima na wafugaji waliokuja baadae, wamechora kwa vidole, minene, sehemu zingine imepita juu ya nyekundu kabisa

Hamu: ila usichanganye na mikojo ya pimbi wifi!! kuna mabaka meupe yanachuruzika kwenye mwamba, mi mara ya kwanza nilipiga picha kumi nzima muongozaji akaja akaniambia kaka hicho ni choo cha pimbi. Wapo wengi wanaota jua juu ya mawe asubuhi, ukikaa kimya wanarudi. Watoto wangu hawaamini mpaka leo kwamba yule ni ndugu wa tembo

Dada Zai: ni ndugu kweli. ndo maana nataka tuwahi, asubuhi pimbi wapo nje, nyani unawasikia kabla hujawaona, na kwale wanalia kote bondeni

Baba Mdogo: Nyie mnaona vichaka mnadhani vilikuwepo siku zote. Nilipokuwa mdogo huku kulikuwa kwekundu kutupu, makorongo, ardhi inaondoka na maji kila mvua. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 wakawa wanachimba makinga maji na kupanda miti, halafu 1979 wakasema ng'ombe wote watoke. Watu walilia wallahi, baba alipeleka ng'ombe kwa ndugu mbali huko na wengine hawakurudi tena. Ilituuma sana. Lakini miti mnayopita chini yake Jumamosi imeota baada ya hapo, na wanyama ndo wakaifuata

Hamu: hii hujawahi kutusimulia baba mdogo

Baba Mdogo: Na lingine nalisema hapa watoto wote wasome. Nilipelekwa Kolo na shule, mwalimu akatuambia tumwagie maji michoro ing'ae tuione vizuri, mi ndo nilibeba kopo. Ilikuwa twiga mzuri. Iling'aa kweli, tukashangilia. Nimerudi nikiwa mtu mzima yule twiga kabaki shingo na mgongo kidogo, miguu haipo. Sijui ni maji yetu au ya waliokuja baada yetu au jua, ila kopo nalikumbuka mpaka kesho. Mtu asimwage maji, asiguse, asiegemee

Dada Zai: 🙏🏾 ahsante baba mdogo. Na simu zishike mwanga wa asili, flash hapana. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja hapa 1951 akawa ananakili mmoja mmoja kwa mkono juu ya karatasi angavu, sisi simu tu inatosha

Shangazi: Mama yupo hapa pembeni nimemsomea yote. Anasema mseme vizuri, Mungomi si pa kuchezea, wazee walikuwa wanapanda kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na wapo wanaokwenda mpaka leo. Mkikuta vitu vimewekwa chini ya mwamba msivishike. Na watoto wasipige kelele

Hamu: mwambie bibi tumesikia, shikamoo yake

Shangazi: Marahaba anasema. Na anakuja! Magoti hayapandi ila anataka akae pale chini kwenye mti, hajafika tangu aolewe

Baba Mdogo: Nitakaa nae mimi. Mama apewe kiti cha mbele

Wifi Rehema: nami nimo, naleta chapati na chupa ya chai ya tangawizi ya bibi

Dada Zai: Haya stendi saa 12 kamili, viatu vya kufunga, ndala hapana, maji lita mbili kila mtu, ya kunywa. Hamu gari ya juu unaipata?

Hamu: nimeshaongea na mwenyewe, ipo