Kijumba cha bawabu kwenye shamba la zamani: nikibomoe au nikitengeneze?

Mwana wa Kizimbani:
Assalaam alaykum. Marehemu babu alipata eka tatu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, ndani ya shamba la karafuu la zamani. Nyumba kubwa imebaki kifusi, ila penye lango kipo kijumba cha mawe: chumba kimoja chembamba mno, baraza pande mbili za mlango, kidirisha kinachotazama njia. Dari imeshuka. Fundi kaniambia nipige lipu ya saruji, nimwage zege juu, niweke duka. Mnaonaje? Na kwa nini wakajenga chembamba vile?

Kibiashara:
Bomoa. Simamisha fremu mbili, njia ile inapita watu.

Fundi Chokaa:
Waalaykum salaam. Huyo wa fremu muache na fremu zake. Usibomoe, na saruji usiisogeze.

Wembamba ule si ubahili. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kuta kwa zaidi ya mita tatu hivi ikawa salama. Kapime majumba ya Shangani, Mji Mkongwe: urefu wa chumba utakavyo, upana ni ule ule. Tajiri na bawabu wake walilala chini ya boriti za kipimo kimoja.

Kuta ni matumbawe, udongo na chokaa. Zinakunywa maji na kuyatoa. Ukizibana kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, lipu inabanduka mapande mapande na jiwe linaliwa nyuma yake. Zege ndiyo kabisa, uzito ule kuta hazikuzoea.

Anza juu. Maji yamepita kwenye sakafu ya dari, yakaozesha vichwa vya boriti mle vilimoingia ukutani. Chomachoma kwa msumari utajua. Weka mihimili kwanza, kisha badilisha boriti moja moja. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, kaulize watu wa misitu. Na chokaa iwe ya kuzimwa na kulowekwa shimoni, si ile ya kuchorea uwanja wa mpira!

Ukitaka kujua nguvu ya chokaa nenda Maruhubi, nje kidogo ya mji. Kasri la Sultani Seyyid Barghash liliungua 1899, mbao zikateketea, nguzo za mawe na chokaa zimesimama hadi leo.

Mwana wa Kizimbani:
Shukran fundi. Nimechoma: boriti nne upande wa njia, msumari unazama kama kwenye mkate wa boflo. Nyengine ngumu. Duka je, nisiweke?

Fundi Chokaa:
Nne si nyingi, kijumba kizima hicho. Waite na watu wa idara ya Mambo ya Kale wakitazame kabla hujagusa. Duka weka, baraza unazo tayari, wateja watakaa. Ila mlango usiupanue: juu yake kuna mti tu umebeba ukuta, ukichonga pembeni utakushukia.