Msaada wa haraka: neno gani lina kina na "love"? Fundi ananisubiri

Kahawa Chungu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mstari mmoja wa Kiingereza unaoishia na "love". Natafuta wa pili wenye kina hicho hicho, usizidi herufi 26. Nilishatunga wangu, "HE HAD SO MUCH TO GIVE", nikaona umekaa vizuri kabisa, ve kwa ve. Jana usiku mwanangu wa darasa la sita akausoma kwa sauti pale sebuleni, akacheka hadi chai ikamtoka puani. Anasema haviendani. Nimekosea wapi? Jibu nalihitaji kabla ya Ijumaa.

Dogo Mzito:
Mnunulie chipsi kuku, kaka. Akishiba hatahesabu vina.

Mwalimu Chaki:
Kosa lako ni la mtu aliyelelewa na mashairi yetu, usione haya. Kwetu kina ni silabi ya mwisho, basi. Ndizi, kazi, mwizi, mchuzi, wote wanakaa ubeti mmoja bila kugombana. Mwingereza haangalii mkia peke yake: anaanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi neno linapokwisha, tena anasikiliza sauti, herufi hana habari nazo. "Love" inatamkwa lav, "give" inatamkwa giv. V imefanana, irabu zimepishana, habari imeishia hapo. Hiyo e ya mwisho ni vazi tu. Tahajia yao haipendi neno libaki na v uchi mwishoni, ndiyo maana "have" na "live" nazo zimevishwa.

Vina kamili vya "love" ni vichache mno kwa neno linalotumika hivyo: above, dove, glove, shove. Kwa matamshi ya Wamarekani wengi, "of" nayo inaingia. Ukikubali vina vya karibu unapata enough, tough, rough, stuff. Irabu ni ile ile, ila mwisho kuna f. "Move" na "prove" ni vina vya macho, kwenye karatasi ni mapacha, mdomoni hawajuani. Utaniambia Shakespeare kwenye soneti ya 116 kaweka "love" na "remove". Ni kweli, lakini soneti hizo zilichapwa 1609 na matamshi ya wakati ule yalikuwa mengine. Mwanao anasoma shule ya leo.

Binti Pangani:
Mwalimu umenikumbusha mbali. Kidato cha pili nililetewa barua, "my love" juu, "glove" chini. Mimi glavu niliijua ya daktari tu. Nikaipeleka kwa matroni anieleze maana. Kijana alikula viboko vinne. Leo ni mume wa dada yangu na hilo jambo hatulizungumzii.

Fundi Tindo:
Mleta uzi, herufi 26 umezitoa wapi? Mtu wa kadi ya harusi hahesabu herufi. Anayehesabu ni yule anayelipia kwa herufi. Hilo ni jiwe. Weka huo mstari wa kwanza hapa.

Kahawa Chungu:
Umenishika mkuu. Ni marumaru ya kaburi, tuko Kibosho. "HERE RESTS THE FATHER WE LOVE". Herufi moja elfu mbili. Mstari wa kwanza umeshachongwa, kwa hiyo "love" haitoki hapo ilipo. Na msiniulize kwa nini Kiingereza: hela nyingi imetoka kwa shemeji aliyeko Houston, watoto wake Kiswahili hawajui.

Mama Swaumu:
Poleni sana kwa msiba, Mungu amlaze mahali pema. Lakini nikuulize mwanangu, mzee alikijua hicho Kiingereza? Mnawaandikia wazazi maneno ambayo wangefufuka leo wangeomba mkalimani.

Mwalimu Chaki:
Poleni. Chukua huu: "NOW AT PEACE WITH GOD ABOVE", herufi 22. "Above" imechoka, iko kwenye makaburi ya Waingereza kila kona, ila sikio linaikubali.

Kahawa Chungu:
Nashukuru mwalimu. Ila kusema kweli "give" ina uzito zaidi. Mzee ni mtoaji, hapiti mtu nyumbani asitoke na kitu. Na kaburini watu husoma kimya kimya, nani atajua?

Fundi Tindo:
Mzee NI mtoaji? Hebu ngoja. Mimi nachonga mawe haya. Baada ya jina kinachofuata ni tarehe, maneno matamu yanakuja mwisho. Tarehe ya kufa umeandika ipi?

Kahawa Chungu:
Pameachwa wazi.

Sawa, mzee yupo. Jana kakata mkungu mwenyewe. Msinirukie. Tulipomzika jirani yake mwezi wa tano alisema kwa kinywa chake, "na mimi mniwekee kama lile". Shemeji anashuka Desemba, hela iko mkononi sasa, ikikaa italiwa. Nimewahi tu.

Dogo Mzito:
HERE RESTS, na mwenye kupumzika yuko migombani na panga.

Mama Swaumu:
Narudisha pole yangu. Huo ni uchuro!

Binti Pangani:
Mbona babu yetu alijinunulia jeneza. Lilikaa stoo miaka tisa, tukawa tunatunzia mahindi.

Shuhuda Mkavu:
Wakuu mnanyweshwa chai na mnaomba sukari. Huyu huyu mwezi Machi alileta uzi wa kugombea shamba la marehemu baba yake. Marehemu wa Machi anakata mkungu jana? Picha, au uzi ufungwe.

Kahawa Chungu:
Yule wa Machi ni baba mzazi. Huyu ni baba mkwe.

Dogo Mzito:
MKWE! Mkeo anajua?

Kahawa Chungu:
Anajua kuna jiwe.

Mwalimu Chaki:
Kumbe ile "shove" ilikuwa na kazi yake.

Shuhuda Mkavu:
Picha.

Kahawa Chungu:
Hiyo hapo juu, nimeipiga sasa hivi karakana. Vumbi nimelifuta na mkono wa shati. Mmeridhika?

Shuhuda Mkavu:
Nafuta kauli. Jiwe lipo.

Fundi Tindo:
Mkono wa fundi ni mzuri, tindo imeingia kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu Chaki:
Naomba mwenye macho mazima aikuze hiyo picha asome neno la nne. Pengine ni miwani yangu.

Binti Pangani:
F, A, R, T, H, E, R.

Dogo Mzito:
Nimeangalia kamusi, maana yake "mbali zaidi". Hapa amelala Mbali Zaidi tumpendaye.

Fundi Tindo:
Na hiyo R ya katikati kailipia elfu mbili.

Kahawa Chungu:
Fundi Tindo, marumaru ya inchi moja, upande wa nyuma unachongeka?