Mnamjaza mtu gozi puani halafu hamumwambii atapumuaje?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kike kafanyiwa upasuaji wa pua wiki hii, hospitali moja hapa Dar. Mfupa wa katikati ulikuwa umepinda, miaka yote halali vizuri. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Nalalamikia yaliyofuata.

Kazinduka kwenye nusu kaputi tundu zote mbili zimeshindiliwa gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kuzuia damu. Hakuna aliyemwambia kabla kwamba ataamka hivyo. Akaanza kuhangaika, mikono puani, macho yamemtoka, anajua ndiyo anakufa. Nesi anamwambia "tulia dada, usijisumbue". Atulieje? Mdomo umekauka mpaka ulimi unanata, kila akimeza mate masikio yanavuta, machozi yanatiririka na wala halii. Nauliza, najibiwa ni kawaida.

Kama ni kawaida, kwa nini asiambiwe siku anasaini fomu? Ni maneno ya dakika tano: utaamka pua imeziba, utapumulia mdomo na hewa itatosha, machozi yatakutoka kwa sababu mfereji wake unaishia puani na huko kumezibwa, koo litakuwasha kwa ajili ya mpira wa nusu kaputi. Mtu akishajua hayo hapigani na kitanda usiku kucha. Na mwenye hofu maumivu humzidia, watu wa afya wanalijua hilo kuliko mimi.

Dawa ya maumivu nayo mpaka ukaombe. Panadol huwa ina saa zake, si mpaka mgonjwa alie! Kitanda kimelazwa flati, mito nimemwekea mimi ili kichwa kiinuke, uvimbe usizidi.

Asubuhi kaja kijana na koleo, kavuta gozi kavu kavu. Hakulilowanisha kwa maji ya chumvi, hakumpa hata kidonge nusu saa kabla. Lilitoka refu kama utepe, limegandana na damu, mtoto wa watu akazimia pale pale kitini.

Msiniambie vifaa hakuna. Maji ya chumvi wodini yamejaa. Na hilo gozi lenyewe, madaktari wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 wa upasuaji wa kurekebisha pua walishasema lisiwekwe kwa mazoea tu. Kama damu inalazimisha sawa, weka, lakini mwambie mwenye pua!

Jumatatu anarudi kutolewa vibamba vya plastiki walivyomshonea ndani. Tangu jana hapati usingizi, anaiwaza siku hiyo. Safari hii naingia naye, na hawamgusi kabla hajapewa dawa na kuelezwa hatua kwa hatua.

Mliowahi kutolewa hivyo vibamba, andikeni hapa inakuwaje, ukweli mtupu, msimpambie wala msimtishe. Anausoma uzi huu.