Mkuku wa chuma wenye kutu kwenye mashua ndogo ya tanga: nianzie wapi nikiwa Dodoma?

Tanga la Mtera (Dodoma)

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina mashua ya tanga ya faiba, yenye urefu wa karibu mita 6, ambayo huivuta kwa trela kutoka Dodoma mjini hadi bwawa la Mtera. Mkuku wake, yaani uti ulio chini ya chombo, ni bamba nene la chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti. Limening'inia kwenye pini moja na hupandishwa kwa waya wa winchi, jambo linalonifaa sana Mtera kwa sababu ya vina vifupi na visiki vya miti iliyozama. Chombo hiki kilitumika baharini Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kuletwa huku bara, na mmiliki wa awali alikuwa akipaka rangi mpya juu ya ile ya zamani. Sasa rangi imefanya malengelenge. Nikitumbua moja kwa ncha ya bisibisi hutoka maji ya rangi ya chai, na chini yake kutu inabanduka kwa matabaka. Ukingo wa mbele una vishimo vinavyomeza ncha ya kidole.

Fundi wa rangi za magari hapa mjini anapendekeza apitishe grainda, ajaze puti, kisha apulize rangi ya gari. Je, kazi hiyo itadumu majini? Na je, ni lazima mkuku ung'olewe, au unaweza kushughulikiwa ukiwa mahali pake? Ningependa kumaliza kabla ya mvua za Desemba.

Fundi Faiba (Dar es Salaam)

Ndugu Tanga la Mtera, nakuomba usikubali puti ya magari. Ni nzuri kwa bodi ya gari linalonyeshewa na kukauka, lakini chuma kinachokaa chini ya maji kinahitaji kitu kingine, maana puti ile hunyonya unyevu taratibu na kuupeleka hadi kwenye chuma, na kutu ikianza huko nyuma huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo itaisukuma puti yote nje. Kwa vishimo tumia epoksi (gundi ngumu ya sehemu mbili zinazochanganywa) iliyotiwa unga wa kujazia unaouzwa kwa ajili ya vyombo vya majini.

Hata hivyo, tatizo lako kubwa si rangi, ni chumvi. Mkuku uliokaa baharini una chumvi ndani ya vishimo, chini kabisa ya kutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu hata hewani. Ukiifunika kwa rangi ya bei ghali kiasi gani, malengelenge yatarudi palepale. Brashi ya waya ya kuzungushwa kwa mashine haitoshi, kwa sababu mara nyingi huing'arisha kutu badala ya kuiondoa. Njia bora ni kupiga mchanga kwa kompresa hadi chuma kiwe na rangi ya kijivu isiyong'aa. Mpigaji avae kinga kamili ya pumzi, kwa kuwa vumbi la mchanga wa mto lina silika, nayo huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha.

Baada ya hapo osha kwa maji safi yenye nguvu, acha kikauke, kisha lowesha tena na uache usiku mzima. Asubuhi utaona madoa meusi au ya kahawia yamejitokeza kwanza kwenye baadhi ya vishimo: hapo ndipo chumvi ilipobaki. Rudia kusafisha sehemu hizo kabla hujafikiria rangi.

Mkazi wa Ipagala (Dodoma)

Naongeza jambo linalotuhusu sisi wa huku. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Kila mtu anajua ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria. Ukiosha chuma kitupu kwa maji hayo, unakirudishia chumvi uliyokwisha kuiondoa. Tumia maji ya mvua kama una tangi, au nunua maji safi kwa ajili ya suuza ya mwisho tu, kisha ukaushe mara moja kwa hewa ya kompresa.

Kuhusu kuung'oa, pima uzito kwanza. Bamba la urefu wa mita 1.2, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 3 lina takribani kilo 130, kwa kuwa chuma cha kusubu kina kama kilo 7,200 kwa mita moja ya ujazo. Mimi ningeegesha trela juu ya shimo la gereji, nikaushusha mkuku kati ya vyuma vya trela na kuutegemeza kwa jeki kabla ya kuchomoa pini. Kisha kazi yote ya mchanga na rangi ifanyike nje. Usipake rangi ukiwa shimoni: mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na cheche moja ya grainda inatosha kuleta maafa.

Tanga la Mtera (Dodoma)

Nashukuru sana. Basi nitaung'oa. Naomba kuuliza kuhusu upakaji wenyewe: jua letu la mchana haliiharibu epoksi?

Fundi Faiba (Dar es Salaam)

Huifanya igande haraka mno. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya kukauka huongezeka karibu maradufu, kwa hiyo changanya kiasi kidogo, upake asubuhi kivulini, na uzuie vumbi la upepo. Praima ya epoksi, yaani tabaka la kwanza la kushikilia rangi, iingie ndani ya saa chache baada ya kupiga mchanga, kisha matabaka mengine yafuate hadi unene wa jumla ufikie mikroni 250 au 300 (karibu robo milimita). Tabaka likipitisha muda ulioandikwa kwenye kopo, lioshe na ulikwaruze kwa msasa kabla ya kuendelea.

Mkuku ukiwa chini, kagua pini na tundu lake. Tundu likiwa limelika na kuwa la mviringo wa yai, mkuku utagongagonga ndani ya sanduku lake, lile unamoingia ukipandishwa, na kupasua faiba. Pitisha kitambaa kwenye waya wa winchi. Kikinasa uzi hata mmoja uliokatika, badilisha waya wote, kwa maana mkuku ukianguka ghafla unaweza kutoboa chombo. Usiweke mkono chini yake hata siku moja.

Mkazi wa Ipagala (Dodoma)

Na kama trela lako lina zulia pale mkuku unapokaa, liondoe. Linashika maji kwa siku nyingi baada ya safari, na mtikisiko wa barabara unasugua rangi palepale palipolowa. Weka kipande cha mpira mgumu chenye mifereji ya kupitisha maji, kisha ukifika nyumbani uushushe mkuku kidogo ili pande zote mbili zipate hewa.