Rangi ya fedha 1F7: fenda haifanani na mlango

MkaziWaKisauni: Habari zenu. Toyota Fielder yangu imepigwa rangi fenda ya mbele kulia. Dukani walichanganya kwa nambari 1F7 ya kwenye kibati cha taarifa za gari, lakini juani fenda ni nyeusi kidogo kuliko mlango. Nambari si sahihi?

FundiBodi: Nambari ni sawa, mradi umesoma mstari wa C/TR kwenye kibati hicho: kilicho kabla ya mkwaju (/) ni rangi ya bodi, baada yake ni ya ndani. Shida iko kwenye upigaji. Rangi ya metaliki ikipigwa nzito na mbichi, vumbi la alumini huzama, rangi ikawa nyeusi. Ikipigwa kavu, au kwa thina (kiyeyusho cha rangi) inayokauka haraka kwenye joto letu hili, huwa nyeupe.

Bi_Polishi: Pia kabla ya kulinganisha, polishi mlango kwanza. Jua na chumvi ya pwani vimeuchujua.

FundiBodi: Kweli kabisa. Sasa kaka, usirudie fenda peke yake. Piga kadi za majaribio, tabaka tofauti, utie klia, ile vanishi angavu ya juu (bila klia utajidanganya), uziweke kwenye mlango juani, utazame mbele na kwa ubavu. Kisha mlango usuguliwe msasa namba 1000, rangi ififizwe hadi robo yake ya mbele, na klia ifunike mlango mzima. Klia ikiishia katikati, mstari utaonekana tu.

MkaziWaKisauni: Na bampa?

FundiBodi: Liache. Plastiki hutofautiana kidogo hata ikitoka kiwandani.